Kutoka Dansi Hata Vichekesho: Kazi ya Mary Tyler Moore

Mtu akipata jina katika kazi yake ya pili, kazi yake ya kwanza husahauliwa, au hutajwa kwa maneno machache kama kosa la ujana. Ndivyo walivyofanya wengi walioandika habari za Bibi Mary Tyler Moore wa Marekani, aliyechekesha taifa zima kwa televisheni katika karne iliyopita. Katika masimulizi yao dansi ilikuwa mlango tu. Alipoupita, akaufunga, na safari yenyewe ikaanza. Mimi naona kuwa wazo hilo limepotoka. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saadi hakuvificha vyungu ambavyo mwimbaji huyo alivichuuza kabla ya kuwa mwimbaji, kwa sababu alijua kuwa kazi ya kwanza ya mtu humfuata mpaka katika kazi yake ya mwisho. Kwa kiasi cha uwezo wangu nataka kuifuata njia hiyo, na kuuliza mambo mawili: dansi ilimpa nini mwanamke huyu, na biashara ya televisheni ilimlipa nini kwa kitu hicho.

Bibi Moore alizaliwa tarehe 29 Desemba 1936 katika Brooklyn, mjini New York, akiwa mtoto wa kwanza katika watoto watatu. Alipokuwa na umri wa miaka minane wazazi wake walihamia Los Angeles, na huko akasomeshwa katika shule za Kikatoliki. Tangu utoto alikuwa na nia moja tu, nayo ni kuwa mcheza dansi. Tukiufikiri mji ule na wakati ule, nia hiyo haikuwa ya ajabu. Hollywood ilikuwa na haja ya wasichana wengi wa kucheza kwa safu nyuma ya mwimbaji mmoja, na msichana mwenye mgongo ulionyoka na miguu myepesi aliweza kutumaini riziki. Lakini riziki ya safu ina tabia yake. Katika safu, ustadi wa mtu ni kufanana na jirani yake; anayeonekana peke yake amekosea. Kwa hiyo mcheza dansi wa aina hiyo hufundishwa mambo mawili kwa pamoja: kuumiliki mwili wake kwa ukamilifu, na kulisahau jina lake.

Kazi yake ya kwanza ya televisheni aliipata mwaka 1955, mara alipomaliza shule. Kampuni ya Hotpoint iliuza majiko na majokofu, ikataka kijitu cha ngano kitakachorukaruka juu ya vyombo hivyo na kuvisifu. Bibi Moore alivikwa vazi lililombana mwili na masikio yaliyochongoka, akapigwa picha katika matangazo 39 kwa muda wa siku tano. Watu wengi walimwona, na hapana aliyejua ni nani. Mwaka huo huo aliolewa, akachukua mimba. Na vazi lile, kwa jinsi lilivyobana, halikuweza kuificha siri hiyo. Kazi ikakoma. Mwanawe wa pekee, Richard, alizaliwa mwezi wa Julai 1956.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya ajabu zaidi. Mwaka 1959 alichukuliwa kuigiza katika mfululizo wa mpelelezi Richard Diamond. Alikuwa mpokeaji simu aitwaye Sam. Watayarishaji waliamua kuwa uso wake usionekane kabisa: watazamaji walisikia sauti na kuona miguu. Hila hiyo ilipendeza, watu wakaulizana mwenye miguu ni nani. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alipoomba kuongezewa mshahara aliondolewa, na mwanamke mwingine akatiwa mahali pake. Wenye mali hawakupata taabu yoyote, maana mtu asiyeonyeshwa uso hana la kudai. Anayeshika nafasi yake huvaa viatu vile vile na kazi ikaendelea.

Naomba msomaji atulie kidogo hapa, kwa sababu jambo hili ni kubwa kuliko kichekesho chake. Katika muda wa miaka minne, televisheni ilimnunua mwanamke mmoja kwa vipande. Kwanza ilinunua mruko wake na kuuficha mwili katika vazi la kijitu. Kisha ikanunua miguu yake na kuuficha uso. Kila mara ilikuwa ikinunua dansi, na kila mara ilikataa kumtambua mcheza dansi. Tukisema kuwa Bibi Moore aliiacha dansi, hatusemi kweli yote. Dansi yake ilikuwa sokoni wakati wote, ila ilikuwa ikiuzwa bila jina la mwenyewe.

Jina lilikuja kwa njia ya kukataliwa. Mchekeshaji Danny Thomas alikuwa akitafuta msichana wa kuigiza kama binti yake katika mfululizo wake. Bibi Moore akajaribiwa, akapendeza, kisha akakataliwa: ilisemekana kuwa mwenye pua ndogo kama ile hawezi kuaminiwa kuwa binti wa mtu mwenye pua kama ya Thomas. Baadaye Carl Reiner alipotafuta mwanamke wa kuwa mke katika mchezo mpya, ambao Thomas alikuwa mmoja wa wadhamini wake, Thomas alimkumbuka yule msichana mwenye majina matatu. Akatafutwa, akapatikana, akapewa kazi. Mchezo huo, uliobeba jina la Dick Van Dyke, ulianza kuonyeshwa tarehe 3 Oktoba 1961 na kuendelea hata tarehe 1 Juni 1966, kwa sehemu 158.

Ndani ya mchezo huo Bibi Moore aliitwa Laura Petrie, mke wa mwandishi wa vichekesho. Watungaji walifanya jambo la busara: walimfanya Laura kuwa mcheza dansi wa zamani, aliyekutana na mumewe wakati mume alipokuwa askari na yeye alipokuwa akiwachezea askari. Hivyo kile kilichokuwa kimefichwa kwa miaka mingi kilipata sababu ya kuonekana. Laura na mumewe walipokuwa na wageni waliimba na kucheza sebuleni, na watazamaji hawakuona kuwa ni jambo la kulazimishwa. Hata mavazi yake yalibishaniwa. Wake wa nyumbani katika televisheni ya siku zile walivaa gauni na kiatu kirefu hata wakifagia. Laura alivaa suruali ya kubana iliyokomea juu ya kifundo cha mguu, ambayo ilikuwa nguo ya kawaida ya wanawake nyumbani na nguo ya kawaida ya mcheza dansi mazoezini. Wenye matangazo wakanung'unika. Kwa kauli ya Bibi Moore, ilikubaliwa kwanza aivae katika onyesho moja tu la kila sehemu, na baadaye sharti hilo likafa lenyewe. Wanawake waliotazama walijiona wenyewe, na malalamiko hayakuwa na nguvu mbele ya kweli hiyo.

Hata hivyo mpaka ulikuwapo. Katika sehemu moja ya mwezi wa Novemba 1961 Laura anaombwa kushika nafasi ya mcheza dansi katika kipindi ambacho mumewe anakiandikia. Anacheza vizuri, na anatakiwa abaki. Mume anaingiwa na hofu kuwa nyumba itapoteza mke. Mwishowe Laura mwenyewe anakataa, kwa sababu ya uchovu na kwa sababu ya nyumba. Mchezo unacheka na mume kwa hofu yake, lakini matokeo ni yale yale aliyoyataka mume. Mimi naiona sehemu hiyo kuwa ni kioo cha zama zake: ilikubali kuwa mwanamke ana ustadi, ikamruhusu auonyeshe kwa nusu saa, kisha ikamrudisha jikoni kwa hiari yake mwenyewe.

Sasa tufike katika swali la kwanza. Dansi ilimpa nini mchekeshaji? Mchezo wa kuchekesha wa namna ile ulipigwa picha kwa kamera tatu mbele ya watazamaji waliokaa studioni. Waigizaji walifanya mazoezi kwa siku kadhaa, kisha wakauigiza mchezo kwa mfuatano kama unavyoigizwa jukwaani. Kila mmoja alitakiwa asimame mahali palipopangwa, kwa sababu hatua moja ya ziada humtoa katika jicho la kamera. Tena kicheko cha watazamaji hakitabiriki. Mwigizaji akisema neno lake kabla kicheko hakijapungua, neno linapotea. Akingoja mpaka kimekufa, mchezo unapoa. Lazima alitupe neno wakati kicheko kinashuka lakini hakijaisha. Kipimo hicho hakiandikwi katika maandishi ya mchezo, na akili peke yake haitoshi kukijua. Ni hesabu ya mwili, na mcheza dansi amekwisha kuisoma kwa miaka mingi kabla ya kukutana na mwandishi wa vichekesho.

Katika mwezi wa Oktoba 1961, mchezo ulipokuwa bado mchanga, ilionyeshwa sehemu ambayo Laura anazibadili nywele zake rangi ili ampendeze mume, kisha anajuta na kubaki na kichwa nusu cheusi, nusu cha dhahabu. Hapo anaeleza kosa lake huku akilia, na kilio kinapanda, kinakatika, kinameza maneno na kuyatapika. Watu walicheka sana. Ukikitazama kilio hicho kwa makini utaona kuwa hakikuachwa kiende ovyo. Kina mapigo, kina pumzi, kina mahali pa kugeuka. Bibi Moore hakuwa amefunzwa kuchekesha, na kando yake walisimama mabingwa waliotangulia kazini kwa miaka mingi. Aliwafikia upesi kwa sababu alikuwa na mizani ambayo wao hawakumpa. Alipewa tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo mwaka 1964 na mara nyingine mwaka 1966.

Mchezo ulipokoma alidhani kuwa njia ya dansi na nyimbo imefunguka. Mwezi wa Desemba 1966 aliletwa katika Broadway kuwa mwanamke mkuu katika mchezo wa nyimbo uliotokana na hadithi ya Truman Capote, Breakfast at Tiffany's. Mtayarishaji David Merrick aliufunga baada ya maonyesho machache ya majaribio, hata haukufikia usiku wa ufunguzi. Mwaka 1967 alionekana pamoja na Julie Andrews katika filamu ya nyimbo, na mwaka 1969 akawa mtawa katika filamu ya Elvis Presley. Filamu hizo hazikumfanya nyota wa sinema. Ilikuwa Dick Van Dyke aliyemwinua tena, alipomwita washirikiane katika kipindi kimoja cha nyimbo na dansi kilichoonyeshwa mwezi wa Aprili 1969. Watu walimpenda upya, na kampuni ya utangazaji ya CBS ikamwahidi mfululizo wake mwenyewe.

Wakati huo yeye na mume wake wa pili, Grant Tinker, walianzisha kampuni ya kutayarisha michezo. Waliiita MTM, yaani herufi za majina yake matatu. Tinker ndiye aliyeiendesha, naye aliwapa watungaji uhuru ambao haukuwa wa kawaida katika biashara ile. Watungaji wakuu, James L. Brooks na Allan Burns, walitaka mwanamke wa mchezo awe ameachana na mumewe. CBS ikakataa, ilihofiwa kuwa watazamaji watadhani Laura amemwacha Dick Van Dyke. Basi Mary Richards akawa mwanamke wa miaka thelathini aliyevunja uchumba, akaenda Minneapolis, akapata kazi katika chumba cha habari cha kituo kidogo cha televisheni. Mchezo ulianza tarehe 19 Septemba 1970, ukaisha tarehe 19 Machi 1977, baada ya sehemu 168. Ulipata tuzo 29 za Emmy, na hesabu hiyo haikupitwa na mchezo mwingine wa kuchekesha mpaka mwaka 2002.

Mary Richards hakurudishwa jikoni. Alikuwa na chumba chake, rafiki zake na mshahara wake. Katika sehemu iliyofungua msimu wa mwezi wa Septemba 1972 anagundua kuwa mwanamume aliyeishika kazi yake kabla yake alilipwa dola 50 zaidi kwa wiki. Anamwendea mkubwa wake, naye anajibu bila haya kuwa yule alikuwa mwanamume na ana jamaa wa kuwalisha. Mary anamwonyesha upungufu wa hoja hiyo: ikiwa haja ya nyumbani ndiyo kipimo, basi mwanamume asiye na watoto angelipwa kidogo kuliko mwenye watoto. Niliitazama sehemu hiyo nikiikumbuka miguu ya mwaka 1959. Mwanamke aliyeondolewa kwa kuomba nyongeza ya mshahara sasa anaigiza mwanamke anayeidai, katika mchezo uliotayarishwa na kampuni yenye jina lake. Sijui malipizi ya haki yenye upole kuliko hayo.

Lakini mwanachuo asishangilie kupita kiasi. Wanaume wote katika chumba kile cha habari walimwita mkubwa wao Lou; Mary peke yake alimwita Bwana Grant, miaka yote saba. Sisi tunaofundisha lugha tunajua kuwa jina la kuitana ni kipimo cha cheo. Wengine wamesema kuwa ilikuwa adabu, na wengine kuwa ilikuwa unyonge. Mimi nadhani ilikuwa ni picha ya kweli ya mwanamke aliyeingia mahali ambapo wenzake walikuwa wamekwisha kuzoeana kabla hajafika. Mchezo haukudai kuwa safari imefika mwisho. Vilevile kampuni ilichukua herufi zake, lakini kiti cha mwendeshaji kilikuwa cha mumewe hata alipoondoka mwaka 1981.

Sehemu inayosifiwa kuliko zote ilionyeshwa tarehe 25 Oktoba 1975. Mchekeshaji wa watoto wa kituo kile anaandamana akiwa amevaa vazi la karanga, na ndovu anamwua kwa kutaka kuimenya karanga hiyo. Wafanya kazi wote wanashindwa kujizuia na kucheka. Mary anawakemea kwa kukosa heshima ya maiti. Siku ya mazishi wao wametulia, naye ndiye anayeshikwa na kicheko. Anakiuma, anakigeuza kikohozi, mabega yanamtikisika, uso unapigana na mdomo. Kasisi anamwona, anamwambia acheke bila haya, kwa kuwa marehemu alipenda kuchekesha; mara Mary anapasuka kwa kilio. Dakika hizo chache ni dansi, ijapokuwa hapana hatua hata moja iliyochezwa. Mwigizaji ameketi, kila msuli umepewa amri mbili zinazopingana, na watazamaji wanaziona amri zote mbili. Aliyejifunza kwa miaka mingi kuutiisha mwili ndiye awezaye kutuonyesha mwili unapoasi.

Hata hivyo moyo wake haukuridhika. Mwaka 1976, katika kilele cha utukufu wake, alitoa kipindi cha pekee cha nyimbo na dansi, nacho hakikupokewa vizuri. Mchezo wake ulipokwisha alijaribu tena. Mfululizo wa nyimbo, dansi na vichekesho ulioitwa Mary ulianza mwezi wa Septemba 1978, ukaondolewa baada ya sehemu tatu. Mwaka 1979 ukatengenezwa mwingine, ambao ndani yake aliigiza mwanamke mwenye kipindi cha nyimbo na dansi. Huo pia haukudumu hata nusu mwaka. Sasa alikuwa na kampuni, mali, jina na uhuru wa kuchagua, na alichokichagua ni kile alichokitaka akiwa msichana. Watu walikataa. Aina hiyo ya vipindi ilikuwa imekwisha kuzeeka. Tena walikuwa wamemzoea kuwa jirani mpendwa, hawakutaka kumwona akiwa nyota wa safu.

Mwaka 1980 alishangaza watu katika filamu ya Robert Redford, Ordinary People, kwa kuigiza mama aliyepoteza mwana na asiyeweza kulia. Aliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo mwanawe Richard alikufa kwa ajali ya bunduki, akiwa na umri wa miaka 24. Kisukari, ambacho alikuwa nacho tangu alipokuwa na miaka 33, kilizidi kumwandama; tangu mwaka 1984 alitumia jina lake kuomba fedha za utafiti wa ugonjwa huo. Alifariki dunia tarehe 25 Januari 2017 katika Connecticut, umri wake miaka 80.

Alipokuwa mzima hakuacha kujisema kuwa ni mcheza dansi aliyeshindwa. Wengi walidhani kuwa huo ni unyenyekevu wa watu wakubwa. Mimi naamini kuwa alisema kweli, na kuwa ukweli huo haupunguzi kitu. Zipo kazi ambazo mtu huzipenda nazo hazimpendi. Lakini muda alioutumia kuzitumikia haupotei, kwa sababu mwili hausahau ulichofundishwa, hata mwenyewe akisahau. Mwaka 2002 alisimamishiwa sanamu barabarani mjini Minneapolis, mahali alipopigwa picha akirusha kofia yake juu. Sanamu hiyo ina uso, ina jina, na mkono umeinuliwa kwa mstari ulionyoka toka kisigino hata ncha za vidole. Mpita njia huona mwigizaji wa vichekesho. Aliyewahi kusimama katika safu ya dansi, akitazama vizuri, atamwona mwenzake.